Katuni, kitabu au simu ya bibi: kipi kinamfundisha mtoto mdogo kuongea?

Binti yetu alipofikisha mwaka mmoja na miezi kumi alikuwa anahesabu mpaka kumi kwa Kiingereza, tena kwa lafudhi ileile ya katuni, na nyumba nzima tulikuwa tunajivuna. Wageni wakija, anaitwa ahesabu. Siku moja shangazi yake akauliza, "Akitaka maji anasemaje?" Tukatazamana. Akitaka maji alikuwa ananyooshea kikombe kidole na kusema "ee, ee". Namba saba anayo, "nipe" hana.

Ulinganisho huu ndio niliouhitaji siku ile. Sikuandikii ili utupe runinga. Yetu ipo ukutani mpaka leo. Namwandikia mzazi au mlezi wa mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye ana vitu kadhaa mbele yake, yaani runinga, video za kwenye simu, simu ya video, kitabu, redio, na anataka kujua kipi kinampa mtoto maneno na kipi kinamnyamazisha tu.

Tunapima kwa nini?

Wengi wetu tunauliza dakika. Nusu saa ni sawa? Saa nzima je? Dakika zina nafasi yake na nitazifikia. Lakini swali linalochambua vizuri zaidi ni hili: mtoto akitoa sauti, kuna anayemjibu? Mtambaji wa hadithi akisema "Paukwa!" haendelei mpaka asikie "Pakawa!" Video husema paukwa yake na kusonga mbele, uitikie usiitikie. Zipo katuni zinazojifanya kusubiri: mhusika anauliza mpira uko wapi, anakodoa macho sekunde tatu, kisha anashangilia "Umeupata!" wakati mtoto wako yuko chini ya meza anavua soksi.

Jaribio lililonifungua macho lilichapishwa mwaka 2003 na Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Walichukua watoto wa miezi tisa kutoka familia zinazoongea Kiingereza, wakawasikilizisha Kichina cha Mandarini kwa vikao 12 vya takriban dakika 25 kila kimoja. Kuna waliokaa na mtu hai aliyewasomea vitabu na kucheza nao. Wengine walioneshwa mambo hayohayo kwenye skrini, na wengine wakasikia sauti tu. Baadaye walipimwa kama wanaweza kutofautisha sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Waliokaa na mtu waliweza. Wa skrini na wa sauti walikuwa sawa na watoto ambao hawajawahi kusikia Kichina maishani. Maneno ni yale, muda ni ule. Aliyekosekana ni mtu.

Runinga iliyowashwa tu, au iliyozimwa

Hapa uamuzi ni mwepesi kuliko kote, na ndipo tunapopoteza zaidi kwa sababu hakuna anayeuhesabu muda huu. Runinga inawaka tangu asubuhi, habari zinafuatwa na tamthilia, mtoto yuko sakafuni na vikopo vyake, ameipa mgongo. Tunasema, "Lakini yeye haangalii." Kweli, haangalii. Unaangalia wewe.

Mwaka 2009 Dimitri Christakis na wenzake walichapisha utafiti ambao watoto wa kuanzia miezi miwili hadi miaka minne walivalishwa vinasa sauti vidogo, siku nzima, ili kujua nini hasa kinasikika nyumbani. Kila saa moja ya runinga inayosikika iliambatana na upungufu wa maneno kama 770 ambayo mtoto angeyasikia kutoka kwa watu wazima. Watoto wenyewe nao walitoa sauti chache zaidi. Runinga haikuwa imemziba mtoto mdomo. Ilikuwa imewaziba wakubwa, na mtoto akafuata.

Tulipoanza kuzima, siku mbili za kwanza nyumba ilikuwa kama ina msiba. Siku ya tatu nikajikuta namsimulia mtoto safari ya kutafuta funguo: "Mezani hazipo. Kwenye kiti? Hazipo. Mfukoni... ahaa!" Kesho yake akapita nyuma yangu akisema "hapo, hapo, ahaa". Sidhani kama kuna ninachohitaji kuongeza kwenye mada hii. Anayetaka kuangalia kipindi chake aangalie, kikiisha azime.

Video akiwa peke yake, au mkiwa wawili

Huu ndio ulinganisho mgumu, kwa sababu video ya peke yake ina faida moja ya kweli ambayo washauri wengi hawapendi kuitaja: inakupa mikono miwili. Ukishaikubali hiyo, unaweza kuacha kujidanganya kuhusu nyingine, ile ya kwamba "inamfundisha".

Judy DeLoache na wenzake walilijaribu hilo kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 2010. Familia zenye watoto wa miezi 12 hadi 18 zilipewa video maarufu ya kufundisha maneno, waitazame mara kadhaa kwa wiki kwa wiki nne. Baadhi ya watoto waliitazama na mzazi, wengine bila mzazi. Kundi la tatu halikupewa video kabisa: wazazi waliambiwa tu wawafundishe watoto maneno hayohayo kwa namna yao, katika shughuli za kila siku. La nne halikufanyiwa lolote. Mwisho wa mwezi, watoto wa video hawakujua maneno mengi kuliko wale ambao hawakufanyiwa kitu. Walioongoza ni wale waliofundishwa na wazazi bila video. Kuna kipande kingine kilichonichoma mimi binafsi: wazazi walioipenda video ndio walioamini kwamba watoto wao wamejifunza mengi kutoka kwayo. Nikakumbuka wageni wetu na kuhesabu kule.

Angalia kwamba kukaa kando ya mtoto peke yake hakukutosha. Kukaa pamoja huku wewe unaperuzi simu yako ni kutazama peke yenu, wawili. Kinacholeta tofauti ni kuongea, na umri nao unasaidia. Gabrielle Strouse na wenzake, mwaka 2013, walichapisha utafiti na watoto wa miaka mitatu ambao wazazi wao walifundishwa kuisimamisha video ya hadithi na kuuliza maswali, kama mtu anavyofanya na kitabu. Watoto hao walielewa hadithi na kushika maneno mapya kuliko waliotazama bila kuulizwa.

Kwa vitendo iko hivi. Sungura wa kwenye katuni ameingia ndani ya boksi. Unabonyeza kusimamisha. "Sungura kaenda wapi?" Unasubiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Hesabu polepole mpaka tano kichwani kabla hujamjibia. Akisema "boki", unampa neno zima na kaongezeko kidogo: "Ndiyo, yumo ndani ya boksi. Boksi kubwa!" Halafu unaendeleza video. Ukifanya hivyo mara tatu katika kipindi cha dakika kumi, inatosha. Ukifanya mara kumi na tano, mtoto atakuchukia, na atakuwa na haki.

Lugha ya video nayo iangalie. Katuni ya lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeizungumza na mtoto humpa maneno yasiyo na pa kutumika. Anaweza kuyaimba vizuri sana, lakini hakuna atakayempa kitu akiyasema. Nikilazimika kuchagua kati ya katuni nzuri sana ya lugha ya mbali na katuni ya kawaida ya lugha tunayoongea mezani, nachukua ya pili bila kusita, maana hiyo naweza kuiendeleza kesho wakati wa kuoga.

Simu ya video, au video iliyorekodiwa

Kwa macho ni kitu kimoja: sura kwenye kioo. Kwa lugha ni mbali kama mchana na usiku. Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff walichapisha mwaka 2014 jaribio na watoto wa miezi 24 hadi 30 wakifundishwa vitenzi vipya. Wengine walifundishwa na mtu aliyekaa nao, wengine na mtu huyo kwa simu ya video, wengine kwa video iliyorekodiwa. Waliofundishwa ana kwa ana walijifunza. Wa simu ya video walijifunza. Wa video iliyorekodiwa hawakujifunza. Kumbe tatizo si kioo. Tatizo ni kioo kisichojibu.

Nyumbani nililiona kwenye kiatu. Binti alikuwa amekinyanyua kiatu kimoja mbele ya kamera, karibu mno, bibi haoni chochote isipokuwa weusi. "Nini hicho, mjukuu wangu? Mbona giza?" Kimya. "Kisogeze nyuma nikione." Akakisogeza. "Aa, kiatu! Na cha pili kiko wapi?" Mtoto akakitazama kile kimoja, akatazama sakafu, akaondoka kukitafuta. Alirudi baada ya dakika nzima, bibi bado yupo anasubiri. "Pili," akasema. Katuni ingekuwa imeshafika kwenye wimbo wa mwisho.

Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2016 kikishauri watoto wa chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya skrini, kiliziacha simu za video nje ya katazo. Mtoto mchanga atahitaji mtu wa upande wake wa simu amsaidie kuelewa, na mtandao ukikwamakwama mazungumzo yanaharibika, kwa sababu jibu linachelewa. Basi piga simu fupi, mara nyingi.

Kitabu cha karatasi, au kitabu cha kwenye tableti

Nilidhani hapa ni sare. Tiffany Munzer na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti uliowaangalia wazazi na watoto wadogo wakisoma vitabu vya karatasi, kisha vitabu vya kielektroniki. Kwenye karatasi waliongea zaidi na kushirikiana zaidi. Kwenye tableti, mazungumzo mengi yaligeukia kifaa chenyewe: usibonyeze hapo, subiri, geuza huku. Hayo pia ni maneno, lakini ni maneno ya trafiki.

Vinyago vinavyoongea vina tabia hiyohiyo. Anna Sosa alichapisha mwaka 2016 utafiti wa wazazi na watoto wa miezi 10 hadi 16 waliorekodiwa wakicheza nyumbani. Kinyago cha kielektroniki kikiwapo, wazazi walisema takriban maneno 40 kwa dakika. Kwa vinyago vya kawaida 56. Kwa vitabu 67. Kinyago kinapoimba, mzazi anakipisha.

Kitabu kisikutishe kama huna vingi. Kimoja chenye picha tatu, kilichotafunwa pembe, kinatosha kwa miezi. Wala si lazima usome kilichoandikwa. Mtoto akikwama kwenye picha ya paka kwa dakika nne, kaeni na paka huyo. Kwangu mimi tableti inashinda mahali pamoja tu: safarini, gizani, mnapokuwa hamna kitabu, na hata hapo nazima sauti yake nisome mwenyewe.

Redio na nyimbo

Hizi nitazipita haraka. Sauti peke yake haikufundisha Kichina kwenye lile jaribio la Kuhl, kwa hiyo usitegemee rekodi imfunze mtoto kuongea. Lakini wimbo unaacha macho na mikono ya kila mtu huru, na wimbo unaoimba wewe mwenyewe, ukisimama kabla ya neno la mwisho ili alimalizie yeye, ni mazungumzo kamili.

Skrini ambayo haimo kwenye hesabu

Ni simu yako. Jessa Reed, akiwa na Hirsh-Pasek na Golinkoff, walichapisha mwaka 2017 jaribio ambalo mama alimfundisha mtoto wake wa miaka miwili maneno mawili mapya. Wakati wa neno moja hakusumbuliwa. Wakati wa jingine alipigiwa simu katikati. Mtoto aliyasikia maneno yote mawili kwa idadi ileile, lakini alilishika lile ambalo halikukatizwa tu. Naomba usiligeuze hili kuwa hukumu. Watu wana kazi na kazi zinapiga simu. Mimi nilichofanya ni kuacha simu chumba kingine wakati wa kula na wakati wa kuoga. Hizo ndizo nyakati ambazo mtoto hana pa kukimbilia na wewe huna pa kwenda, na maneno hutiririka yenyewe.

Sasa dakika

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema hivi: chini ya mwaka mmoja, hakuna skrini. Mwenye mwaka mmoja, kukaa mbele ya skrini hakushauriwi. Kuanzia miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Uzito wa dakika unaonekana kwenye utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2024 na Mary Brushe na wenzake, uliozifuata familia 220. Watoto walipokuwa na miezi 36, kila dakika moja ya ziada ya skrini iliambatana na upungufu wa maneno kama 6.6 ya watu wazima, sauti 4.9 za mtoto mwenyewe, na zamu 1.1 ya mazungumzo. Zamu moja ni mtoto kusema na mkubwa kujibu, au kinyume chake. Kwa maneno mengine, dakika moja ya skrini, paukwa moja imekosa pakawa.

Usisome takwimu hizi kana kwamba skrini imethibitishwa kuwa mwizi. Nyingi ni za mambo yanayoambatana. Inawezekana mtoto mwenye maneno machache hupewa simu zaidi kwa sababu ni vigumu kumtuliza kwa maneno, na nyumba yenye uchovu huwa na runinga nyingi na mazungumzo machache kwa sababu ya uchovu wenyewe. Sheri Madigan na wenzake waliounganisha tafiti 42 na kuchapisha mwaka 2020 walikuta muda mwingi wa skrini unaambatana na lugha dhaifu, lakini pia vipindi vyenye mafunzo na kutazama pamoja na mkubwa vinaambatana na lugha bora. Kwa hiyo namna ya kutazama ina uzito wake kando ya dakika.

Ukiwa na hali hii, chagua hiki

Una dakika ishirini za kupika na huna wa kukusaidia: mtoto akiwa ametimiza miaka miwili, video fupi, ya polepole, ya lugha ya nyumbani, anayoijua tayari. Zima ule mtindo wa video kujiendeleza yenyewe, la sivyo ishirini itakuwa hamsini. Mnapokula, mwulize kuhusu mhusika mmoja. Akiwa chini ya miaka miwili, mweke karibu na vyombo visivyovunjika na uongee peke yako kuhusu unachofanya. Utaonekana kama umechanganyikiwa, lakini ndivyo watoto wengi walivyojifunza kuongea.

Analia, hatulii, na simu ndiyo inayomnyamazisha papo hapo: hii ndiyo simu ya gharama kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu. Wakati wa kilio ndio anapohitaji maneno ya "nimechoka", "sitaki", "inauma", na mtu wa kumwazima maneno hayo ni wewe. Ukishindwa leo, umeshindwa leo. Kesho ipo.

Bibi, babu, mjomba yuko mbali: simu ya video, kila siku ikiwezekana.

Yuko na mlezi mchana kutwa: usimwachie orodha ya makatazo. Mwachie kitabu kimoja na mwambie neno ambalo mtoto ameanza kulitamka, ili naye aliitikie.

Skrini isiwe kisingizio

Hapa tulikosea mara ya pili. Tulipogundua "nipe" haipo, tulitupia simu lawama zote na kusubiri. Miezi mitatu ya kusubiri tulipaswa kwenda kupima masikio. Mtoto asiyebwabwaja wala kunyooshea vitu kidole akiwa na mwaka, asiye na neno hata moja akifika miezi 16, asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe akiwa na miaka miwili, au aliyekuwa na maneno na sasa yanapotea, apelekwe kwa daktari, usikivu upimwe, na ikibidi aonwe na mtaalamu wa matamshi na lugha. Punguza skrini, ndiyo, lakini isiwe badala ya kwenda.

Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi kila neno analolisema kwa wiki moja, la lugha yoyote ile. Mtoto wa lugha mbili huhesabiwa maneno ya lugha zote pamoja. Kando ya kila neno andika alikuwa anataka nini alipolisema. Ile safu ya pili ndiyo iliyotuonesha sisi hali halisi: mbele ya "saba", "nane" na "tisa" zake za Kiingereza hatukuwa na cha kuandika.